Ile "Ga" Niliyoiondoa

Mjomba Mafuru,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini mimi siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia, kwa hiyo ibaki hivyo hivyo hewani.

Kitabu kimetoka. Masatu mwanao alikileta kutoka Mwanza juu ya gari lake la samaki, maboksi yamefunikwa turubai, na hata leo ukifungua ukurasa wa katikati unasikia harufu ya sangara. Jina lako liko juu kwa herufi kubwa. Ungekiona ungekipapasa, ungekinusa, ungecheka mpaka kikohozi kikushike. Halafu ungesoma jina la kitabu, na hapo kicheko kingekatika.

Wewe uliandika Inakujaga. Kitabu kimechapwa Inakuja.

Ni mimi. Usimlaumu mtu wa kiwanda cha uchapaji Mwanza, yeye alipanga alichopewa. Mimi Nyangeta, mpwa wako, uliyenipa madaftari saba nikuchapie, niliiondoa hiyo ga kila mahali ilipokuwa, kuanzia jaladani hadi ukurasa wa mwisho. Na ulipokuwa umelala hospitali pale Musoma, hata kugeuka huwezi, ukaniuliza, "Mama, umechapa kama nilivyosema?" Nikakujibu ndiyo. Ukanishika mkono ukasema asante. Siku ya tatu ukafa. Nimekaa na asante yako hiyo mwaka mzima, Mjomba, na sijui pa kuiweka.

Uliniita mama kwa sababu nimebeba jina la bibi, mama yako. Sasa fikiria, mtu anamdanganya mtu anayemwita mama, tena kitandani pa kufia.

Ngoja nikueleze yote, maana juzi hapa Bunda limetokea jambo, na sina mwingine wa kumwambia anayejua lilianzia wapi.

Unakumbuka tulivyogombana. Wewe karani wa mizani ya pamba Manyamanyama, mimi mpiga taipu wa ofisi ya ushirika, Jumamosi mchana wote wameondoka, tumebaki mimi na wewe na ile mashine ambayo herufi ya k ilikuwa inaruka. Unasoma, nachapa. Kila nikifika kwenye ga nasimama. Nakuambia Mjomba, hiki siyo Kiswahili, hiki ni Kiswahili chetu cha huku, watu wa Dar watatucheka. Na wewe unajibu, "Wacheke. Si ndiyo kazi ya kitabu?"

Mimi nilikuwa na kidonda changu. Kule chuo cha ukarani Tabora, wiki ya kwanza, nilisema darasani "nilikuwaga nyumbani," na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akanisimamisha niseme tena, vizuri. Nikasema tena, wakacheka tena. Toka siku ile niliichunga ga mdomoni kama mtu anayechunga mbuzi karibu na shamba la jirani. Wewe hukuijua hiyo aibu. Uliniambia tu, "Mama, ukiniambia inakuja, nitakungoja. Ukiniambia haijaja, nitaenda zangu. Lakini ukiniambia inakujaga, mimi nitakushikia wapi? Hiyo ga ndiyo kitabu. Mengine yote ni maganda."

Na nilijua ulipoitoa. Kila mtu wa ukoo wetu anajua. Ni miaka ile ya foleni, sabuni kwa kibali, kanga kwa kibali, sukari kwa kibali, hata sukari ya msiba unaandikiwa na Katibu Kata. Bibi akafa. Ukaenda kwa Katibu, Mzee Marato, ukiwa bado na udongo wa kaburi kwenye viatu, ukamuuliza, "Mzee, sukari ya msiba imefika?" Akakuangalia kwa upole kabisa, akasema, "Inakujaga, Bwana Mafuru." Kesho yake ukarudi. Inakujaga. Kesho kutwa. Inakujaga. Wazee waliotembea kwa miguu kutoka Suguti kuja kumlilia mama yako wakanywa uji wa mtama bila hata chembe ya sukari, siku tatu, na hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililokuchoma. Ulikuwa unatusimulia huku unacheka. Mimi nilikuwa binti mkubwa tayari, niliona macho yako hayachekagi.

Ndipo ukaandika. Nchi yako ya uongo, ambako dawa zinakujaga, basi linakujaga, na Mheshimiwa Kijiko anatembea na kijiko mfukoni mwa shati siku zote, endapo sukari itamkuta njiani. Foleni iliyokaa muda mrefu mpaka ikapata mwenyekiti wake na katibu wake. Na ile sura ya mwisho, uliyoongeza mambo yalipogeuka kuwa ruksa, kila mtu auze atakacho, ambapo foleni yenyewe inauzwa kwa mtu binafsi. Haki ya Mungu, nilikuwa naichapa ile sura machozi ya kucheka yanadondokea kwenye karatasi ya kaboni. Na bado niliiondoa ga.

Mambo yamebadilika tangu uondoke. Sukari sasa imejaa Bunda mpaka inamwagika barabarani, magunia yamesimama nje ya maduka, anayetaka ananunua, asiyeweza anaitazama. Vyama vimekuwa vingi, kila mti una bendera. Ofisi ya ushirika imefungwa, sisi wapiga taipu tulikuwa wa kwanza kupunguzwa. Nimepanga chumba karibu na stendi, nimeweka ile mashine yetu ya k, niliyoinunua ofisi ilipofungwa, nachapa barua za maombi ya kazi na karatasi za mahakama. Watoto wanakula kutokana na chumba hicho.

Chumba ni cha Mzee Marato. Ndiyo, huyo huyo. Ana malori sasa, ananunua pamba mwenyewe, na ni diwani. Haniudhi, ananisalimia vizuri kila asubuhi. Unaona nilikokaa?

Basi tukaanza kukitembeza kitabu, mimi na Masatu. Tulianzia Musoma, ukumbi wa kanisa kule Nyasho. Watu walikuja kwa heshima yako, walimu, wanakwaya, wavuvi uliosoma nao. Nikasoma ile sehemu ya Kijiko na daktari, mahali ambapo wewe ukisoma mtu alikuwa anashika mbavu. Kimya. Mtu mmoja alikohoa. Nikasoma nyingine, wakatabasamu kama watu walio kwenye mahubiri marefu. Mwishoni mama mmoja muuza dagaa alikinunua, akakigeuza geuza, akaniambia, "Huyu mjomba wako alikuwa mtu wa hapa? Mbona kaandika kama redio?"

Nilikaa kwenye gari nimekikalia kitabu mpaka tunafika Bunda.

Juma lililofuata tukaenda Butiama, siku ya mnada wa ng'ombe. Masatu alikuwa amemwomba muuza dawa za minyoo kipaza sauti chake kwa nusu saa. Jua kali, vumbi, ng'ombe wanalia, mimi juu ya boksi nasoma. Nikafika pale wananchi wanapomuuliza Mheshimiwa Kijiko kuhusu sukari, nikasoma kama nilivyochapa: "Mheshimiwa akajibu: Inakuja."

Bibi mmoja mwenye fimbo, mbele kabisa, akadakia kwa sauti, "Aa, wapi! Inakujaga!"

Mjomba, mnada ulilipuka. Watu walipiga makofi, wakapigana mabega, mwenye kamba ya ng'ombe aliiachia, ng'ombe akaondoka, naye hajali. Mmoja akapiga kelele, "Na barabara je?" Umati ukaitikia, "Inakujaga!" "Na bei ya pamba?" "Inakujaga!" Walikuwa wanakiandika upya kitabu chako hapo hapo, bila kukisoma, na walikuwa wanakiandika sawasawa na daftari lako. Mimi nimeshika kitabu kilichosahihishwa vizuri, kisicho na kosa hata moja, nimesimama juu ya boksi kama mjinga.

Jioni ile nilichukua kalamu ya wino. Nilikaa mlangoni pa chumba changu kukiwa bado kweupe, nikafungua maboksi, nikaanza na majalada. Mwisho wa Inakuja naongeza ga kwa mkono. Moja baada ya jingine. Halafu ndani, kila palipo na mdomo wa Kijiko, narudisha. Kesho yake nikaendelea, na kesho kutwa. Kidole kilitoa lengelenge. Mtu akija na barua ya kuchapa namwambia rudi kesho.

Masatu aliponiona alishika kichwa. "Dada, unataka kutuua? Mzee Marato ndiye mgeni rasmi wa uzinduzi Jumamosi." Kumbe alikuwa amemwalika siku nyingi. Unajua ilivyo, Bunda huwezi kuzindua hata choo bila mgeni rasmi, na ukumbi wa Manyamanyama ufunguo wake uko kwa diwani. Alikuwa amempelekea nakala moja, kabla ya kalamu yangu. Na Mzee Marato alikuwa amekipenda! Alimwambia Masatu kwamba marehemu amewapatia kwelikweli hao wakubwa wa Dar es Salaam, na kwamba yeye mwenyewe atanunua nakala awagawie madiwani wenzake.

Hapo ndipo nilipojikuta nimekaa chini, Mjomba. Kwa sababu nilielewa. Hakujitambua. Nilipomvua Kijiko ile ga, nilimvua Marato. Nilimtoa kitabuni. Na nikajiuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa tangu Jumamosi zile za ofisini: je, niliiondoa kwa sababu ya Tabora, au kwa sababu nilijua itakuwa inamtaja nani? Nilipokuwa nachapa daftari la sita, barua ya kupunguzwa kazi nilikuwa nimeshaipata. Chumba cha Marato nilikuwa nimeshakiomba.

Hilo silijibu bado. Soma tu.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Masatu aliniomba mara tatu nisome ile sura ya daktari, haimgusi mtu yeyote. Aliniambia nifikirie watoto. Nilivaa kitenge kile ulichoninunulia ulipostaafu. Mzee Marato alikaa meza ya mbele, shada la maua limemziba nusu ya uso. Alikata utepe. Alishika nakala moja juu kwa ajili ya picha, na hakuangalia jalada, alikuwa anamwangalia mpiga picha.

Nikasimama. Nikafungua sura ya msiba.

Unaijua. Mwananchi anamzika mama yake, anaenda kwa Kijiko mara tatu. Nilisoma polepole. Nilipofika kwenye jibu la kwanza nikaona kabisa nikitamka Inakuja kila kitu kitaenda salama, tutakula soda, tutalala. Nikasema, "Inakujaga, Bwana."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama mvua inavyotembea juu ya bati. Kisha kikafika meza ya mbele kikafa ghafla, kwa sababu watu walimwangalia yeye. Wote. Ukumbi mzima wa Manyamanyama unamjua mwenye jibu lile. Na yeye sasa alikuwa ameshusha kitabu mezani, anaangalia ile ga yangu ya wino wa bluu. Nikasoma jibu la pili. Nikasoma la tatu. Sikuwasikia tena, nilikuwa namsikia bibi. Nikafunga kitabu nikakaa.

Mshereheshaji, masikini, akamkaribisha mgeni rasmi atoe nasaha zake.

Alisimama taratibu. Nilidhani atatukana, au atatoka. Hakufanya hivyo. Alitaka kuongea kama anavyoongeaga siku zote, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hata wewe hukukiandika. Alisema, "Ndugu wananchi, sisi viongozi tunafanya..." akasimama. Ile ga ilikuwa imefika kwenye meno, akaimeza. "Serikali inaleta..." akasimama tena. Watu wakaanza kukoroma kwa kicheko cha puani. "Mimi miaka yote nili... nime..." Kila neno akilianza analiogopa mwisho wake. Mzee mzima, diwani, ana jasho, anatafuta sentensi inayoweza kuishia pengine. Nusu ya ukumbi wamefunika nyuso kwa kanga. Mimi sikucheka. Nilimjua vizuri kuliko wote pale, nilikuwa yeye, niko Tabora, nimesimama.

Ndipo Mama Kulwa akanyanyuka. Yule jirani yetu wa Manyamanyama aliyepika uji siku tatu za msiba. Amezeeka, hasikii vizuri, na hakuwa anatania. Akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Mzee Marato. Ile sukari ya msiba wa mama yake Mafuru. Ilikuja?"

Mjomba, hata wa madirishani waliinama ndani wasikie.

Akafungua mdomo. "Ina," akasema. Akaufunga. Akaniangalia mimi, akaangalia kitabu. Nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Nafikiri alikuwa anatafuta neno jingine la kujificha ndani yake na akakuta hakuna, kwa sababu ukishanyimwa lile, yanabaki mawili tu, imekuja au haijaja.

"Haikuja," akasema.

Mama Kulwa akatikisa kichwa. "Eee. Tulikunywa uji mtupu." Akaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Marato alisimama pale kidogo, kisha akachukua nakala yake, akaitia mfukoni mwa koti, akatoka kwa mlango wa mbele. Watu walinunua vitabu vyote, Masatu hakubakiwa hata na kimoja, lakini hatukushangilia. Masatu alikaa kwenye ngazi akalia. Miaka yote hiyo, alisema, kisa hicho alikisikia, lakini alikuwa anafikiri baba yake alikitia chumvi tu.

Jana asubuhi nilipata ujumbe kutoka kwa mtoto wake Mzee Marato. Nihame chumba kufikia mwisho wa mwezi. Amesema hivyo tu, kwa maneno machache, yanaeleweka. Sikubisha. Mashine nimeifunga kwenye shuka, Masatu atanipeleka Musoma, tutaona huko. Watoto wameniuliza tunaenda wapi, nikawaambia sijui. Ni kweli sijui.

Sasa nakujibu lile swali. Mjomba, haikuwa Tabora. Tabora nilikuwa nimeshaisahau, nilikuwa naikumbuka nikiihitaji tu. Niliiondoa ga kwa sababu nilimwogopa mwenye nyumba, na nikaenda nikaiita sarufi, nikakuambia watu wa Dar watatucheka, nikakugombeza wewe kuhusu lugha ambayo umeizungumza maisha yako yote. Ulinishukuru kwa woga wangu. Nisamehe. Kama huwezi, nitaelewa, ila nimesema.

Mwenye kiwanda Mwanza ameniambia kitabu kimeisha na anataka kukichapa tena. Nimemwambia hapana, mpaka nikichape upya mwenyewe kutoka kwenye madaftari yako saba, neno kwa neno, na ile k inayoruka nitairudia kila inaporuka. Bado naogopa. Ninapoandika hivi natazama ukuta wa chumba ambao siyo wangu tena. Ahadi yangu ni hii tu, siwezi kukuahidi ujasiri ambao sina: nikiogopa, nitasema naogopa. Sitamwambia mtu yeyote tena kwamba anaongea vibaya.

Lala, Mjomba. Mama amekusikia.

Mpwa wako,
Nyangeta